Siku sita nikiutafuta ufalme wa Wahwicce

Jumatatu: London hadi Gloucester

Treni imeondoka Paddington saa tatu na nusu asubuhi. Nina mkoba mmoja tu: koti la mvua, daftari, chapati sita nilizopika jana usiku, na ramani ya karatasi niliyoichora kwa kalamu nyekundu mpaka usioonekana kwenye ramani yoyote inayouzwa dukani. Ni mpaka wa ufalme wa Wahwicce.

Jina hilo hutamkwa hwi-che. Walikuwa watu wa bonde la mto Severn, magharibi ya Uingereza, na katika karne ya 7 walikuwa na wafalme wao. Nchi yao ilikuwa karibu Worcestershire yote ya leo, Gloucestershire upande wa mashariki ya mto, na kipande cha kusini magharibi ya Warwickshire. Iko orodha ya kale inayozipima jamii za Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, kwa haidi, yaani ardhi ya kutosha kulisha kaya moja. Humo Wahwicce wameandikiwa haidi 7,000, sawasawa na Wasaksoni wa Essex na wale wa Sussex. Hawakuwa wadogo basi. Lakini Essex na Sussex hata mtoto wa shule anazijua, na Wahwicce sijawahi kukutana kazini na Mwingereza aliyewasikia.

Likizo yangu ni ya wiki moja na nimeamua kuitumia kwa hili. Chanzo ni Mwalimu wangu wa historia kule Lindi, ambaye alitufundisha habari za Kilwa na hakuchoka kutukumbusha kwamba masultani wale tunawajua kwa karatasi za watu wengine: kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa katika karne ya 19. Tangu siku zile, nikisikia habari ya ufalme uliokwisha, swali langu la kwanza ni moja: nani alibaki na karatasi?

Wahwicce hawakuacha tarekhe yao wenyewe. Hakuna sarafu yenye jina la mfalme wao. Bede, mtawa aliyemaliza historia yake ya kanisa mwaka 731 huko Jarrow, mbali kabisa kaskazini mashariki, anawataja mara chache tu, tena kila mara akiwa anapita kwenda kwenye habari nyingine. Anasimulia jinsi Wasaksoni wa Sussex walivyobatizwa, na hapo ndipo tunaposikia kwamba malkia wao, Eafe, alikuwa binti wa Eanfrith wa Wahwicce, na kwamba kwao tayari walikuwa Wakristo. Anamsifu Hilda, abesi, yaani mwanamke mkuu wa monasteri, kwa wanafunzi wake waliopata uaskofu, na mmoja wao, Oftfor, alikwenda kuhubiri kwa Wahwicce "ambako Osric alikuwa mfalme". Basi. Ni kama mtu anayesimulia harusi ya jirani na wewe ukadokoa humo jina la babu yako.

Nimemkuta huyo Osric alasiri, ndani ya kanisa kuu la Gloucester. Kaburi lake liko upande wa kaskazini wa altare kuu, hatua chache kutoka kaburi la mfalme Edward wa Pili, ambalo ndilo wageni wote wanalikimbilia. Osric amelala chali, ndevu zake ndefu, taji kichwani, na kifuani ameshika kanisa dogo la jiwe jinsi mtu anavyompakata mtoto mchanga. Nilichuchumaa nikalitazama lile kanisa dogo kwa karibu. Kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Ndilo zawadi yake: alianzisha monasteri hapa karibu na mwaka 680, na dada yake Kyneburga akawa abesi wa kwanza.

Ila kaburi lenyewe halina umri huo. Lilitengenezwa kama mwaka 1530, miaka 850 baadaye, na abati wa mwisho wa monasteri hii. Miaka 10 tu mbele, mwaka 1540, Henry wa Nane aliifunga. Nimesimama pale nikimfikiria abati yule. Upepo wa siasa umeshageuka, naye anaagiza mawe ili mfalme aliyesahaulika alale mahali pa heshima mbele ya altare, akimshikisha kanisa mkononi kama mtu anayewasilisha hati mahakamani: tazameni, nyumba hii ilitolewa na mfalme. Kumbukumbu za watawa wenyewe zilikuwa zimeshamchanganya Osric huyu na Osric mwingine wa Northumbria aliyekufa mwaka 729. Hata hivyo jina lilifika.

Jumanne: Deerhurst

Basi mpaka Tewkesbury, kisha kwa miguu kando ya mto. Severn hapa ni mpana, rangi yake ya chai ya maziwa, na kwenye matawi ya mierebi bado yananing'inia majani makavu yaliyoachwa na mafuriko, juu ya kichwa changu. Nilipiga picha nikamtumia Mwalimu. Akajibu kwa sauti: "Huo mto unakula watu, angalia unapokanyaga."

Deerhurst ni nyumba chache, bustani za matofaa, na kanisa la Mtakatifu Maria ambalo kuta zake zilisimama kabla ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuivamia Uingereza. Mlango haukufungwa na ndani hapakuwa na mtu. Pembeni mwa mlango wa ndani wa magharibi vimetokeza vichwa viwili vya wanyama wa jiwe, masikio nyuma, macho makubwa, midomo imekunjwa. Nikasogeza uso mpaka ukawa shubiri moja tu kutoka kwenye kimoja. Ndani ya mikunjo bado kuna rangi nyekundu iliyofifia. Mtu alikaa hapa na brashi yake akimpaka mnyama huyu rangi, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na rangi haijaondoka yote. Nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na Osric.

Deerhurst ilikuwa monasteri ya ukoo mmoja mkubwa, na ukoo huo ndio unaotuonyesha ufalme ukielekea ukingoni. Tarekhe ya Waanglo-Saksoni inasema kwamba siku ileile Ecgberht alipotawazwa mfalme wa Wessex, mwaka 802 kwa hesabu iliyosahihishwa, liwali Æthelmund alitoka nchi ya Wahwicce akavuka mto kwenye kivuko cha Kempsford, akakutana na liwali Weohstan na watu wa Wiltshire. Wakapigana. Maliwali wote wawili wakafa na watu wa Wiltshire wakashinda. Nimechagua neno liwali kwa makusudi. Æthelmund alikuwa anatawala Wahwicce, ila si mfalme. Juu yake alikuwepo mfalme wa Mercia, jirani mwenye nguvu wa kaskazini.

Miaka miwili baadaye, mwaka 804, anatokea Æthelric, mwana wa Æthelmund, na wosia wake. Alikuwa ameshakwenda Roma akarudi. Anagawa mashamba: haya kwa Deerhurst ikiwa mwili wake utazikwa huko, haya kwa mama yake Ceolburh ayatumie maisha yake yote, na mama akifariki yaende kwa kanisa la Worcester. Mambo hayo tunayasoma leo kwa sababu moja tu. Mama alipofariki, monasteri ya Berkeley nayo ilidai shamba la Westbury, na mwaka 824 kesi ikafika mbele ya baraza la maaskofu. Worcester walishinda na karatasi wakaziweka vizuri. Pasingekuwa na ugomvi, pasingekuwa na karatasi, na Ceolburh asingekuwa na jina leo. Mtu wa kwetu aliyewahi kushika bahasha ya hati za shamba la marehemu baba hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua chache kutoka kanisani kuna kikanisa cha Odda. Mwaka 1675 lilichimbuliwa katika bustani ya matofaa hapo karibu jiwe lenye maandishi ya Kilatini: bwana mkubwa Odda alijenga nyumba hii kwa ajili ya roho ya ndugu yake Ælfric, na ikawekwa wakfu mwaka 1056. Jiwe lilipelekwa Oxford, lakini nyumba iliyosemwa na jiwe ilikuwa haionekani popote. Mwaka 1865 ndipo ikagundulika imesimama muda wote, imemezwa na nyumba ya mkulima, watu wakiishi ndani yake. Nimegusa ukuta wake. Ni baridi, na una unyevu.

Jumatano: Winchcombe

Mvua tangu alfajiri. Basi niliyoitegemea haikuja na iliyofuata ilichelewa saa nzima, kwa hiyo Winchcombe nimeipata kwa saa mbili tu.

Monasteri kubwa iliyokuwa hapa, ya mfalme Coenwulf wa Mercia, haina jiwe juu ya jiwe. Kwenye kanisa la parokia kuna majeneza mawili ya jiwe, moja kubwa na jingine dogo, yanayosemwa kuwa ya Coenwulf na mwanawe Kenelm, anayehesabiwa mtakatifu. Watu wanapaona mahali pa hija na sikatai, lakini mimi nilikuja kwa jambo jingine. Winchcombe iliwahi kuwa makao makuu ya mkoa, Winchcombeshire, mkoa uliofutwa karibu na mwaka 1017 ukaunganishwa na Gloucestershire kwa amri ya liwali Eadric Streona. Hata mkoa unaweza kufa. Na ushahidi wa kufutwa kwake umo ndani ya kitabu kimoja, kilichoandikwa na mtawa mmoja, katika mji nitakaofika kesho. Nimekula chapati mbili za mwisho chini ya kibanda cha kituo cha basi, nikiwa nimelowa mpaka soksi.

Alhamisi: Worcester

Nimeingia kanisa kuu la Worcester saa nne nikashuka moja kwa moja kwenye kripta, yaani kanisa la chini ya ardhi. Msitu wa nguzo fupi, nyembamba, matao yake meupe yanashikana mikono kila upande. Askofu Wulfstan alianza kuijenga mwaka 1084. Hapakuwa na mtu mwingine ila mwanamke mmoja aliyekuwa anabadilisha maji ya maua. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema karibu sana, kisha akaniachia ukimya wangu. Nilimshukuru kwa hilo.

Wulfstan ndiye mtu wa safari hii. Alipata uaskofu mwaka 1062, miaka minne kabla ya uvamizi wa Wanormani, na akaushika mpaka kufa kwake mwaka 1095. Katika miaka ile maaskofu Waingereza waliondolewa au walikufa na nafasi zao zikachukuliwa na wageni. Yeye alibaki wa mwisho wao. Na mali ya kanisa lake ilikuwa inaliwa pande zote. Wadenmark walikuwa wamechukua mashamba zamani. Sasa Urse d'Abetot, Mnormani aliyekuwa mkuu wa mkoa, alijenga ngome iliyoingia mpaka kwenye makaburi ya watawa. Wulfstan hakuwa na jeshi. Alikuwa na sanduku la hati.

Akamwagiza mtawa wake Hemming azikusanye. Hemming akafungua sanduku, akanakili hati za zamani kitabuni, akaandika pia habari za kila shamba lililoporwa na nani aliyelipora. Kazi yake imeunganishwa na kitabu kingine cha Worcester, cha karibu mwaka 1000, ambacho ndicho kitabu cha nakala za hati cha zamani zaidi kilichobaki Uingereza yote. Humo hati zimepangwa mkoa kwa mkoa, na Winchcombe ina fungu lake peke yake, kama mtu aliyekufa ambaye jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio. Mwaka 1731 maktaba ya Cotton, iliyokuwa na kitabu hicho, iliungua moto. Kitabu kilijeruhiwa, kikaokoka. Leo kiko katika Maktaba ya Uingereza, London, karibu na ninapoishi. Nimesafiri siku nne kuja kuona mahali kilipotoka.

Mwalimu alinipigia jioni nikiwa nimekaa kando ya mto.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Haya niambie, umempata mfalme?"

Nikamwambia nimempata, ila namna alivyopatikana imenisikitisha. Nilikuwa nimeandika daftarini vyeo vyote jinsi vinavyofuatana kwenye hati, na nikamsomea polepole.

Miaka ya 670, Osric anajiita mfalme. Baada yake Oshere, naye mfalme wa Wahwicce. Mwaka 736 mfalme Æthelbald wa Mercia anatoa ardhi ya nyumba ya utawa kwenye mto Stour, kaskazini ya Worcester, katika nchi iliyoitwa na wazee Husmerae. Hati hiyo yenyewe, ngozi ileile, bado ipo. Kati ya mashahidi amesimama Æthelric mwana wa Oshere. Baba alikuwa mfalme. Mwana anajiandika "mfalme wa chini na mwandani wa Æthelbald, mtawala mtukufu kupita wote". Miaka ya 750 wanatokea ndugu watatu, Eanberht, Uhtred na Ealdred, na sasa ni "wafalme wadogo" wanaotoa ardhi ya nchi yao wenyewe kwa idhini ya Offa wa Mercia. Mwishoni mwa miaka ya 770 Offa anamtaja Ealdred kuwa "mfalme wangu wa chini, yaani kiongozi wa watu wake mwenyewe, Wahwicce". Baada ya ndugu hao neno mfalme halionekani tena. Anakuja liwali Æthelmund, yule aliyekufa Kempsford.

Kimya kidogo kwenye simu. Nilisikia jogoo upande wake, saa ile ya usiku.

"Hakuna vita?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna vita vilivyoandikwa kati yao na Mercia, Mwalimu. Ni maneno tu. Kila karatasi mpya, neno linapunguzwa."

"Na hao waliokuwa wanasaini walijua?"

Nilishindwa kumjibu. Nadhani Æthelric alijua. Mtu aliyekulia katika nyumba ya mfalme hawezi kuandika neno "mwandani" mbele ya jina lake bila kusikia uzito wake. Lakini pia nadhani alifanya hesabu ya mtu mzima: cheo kitaondoka, ardhi ibaki, watu wabaki. Na jina likabaki kweli. Mwaka 997, zaidi ya miaka 200 tangu mfalme wa mwisho, liwali Leofwine bado anajiandika mtawala wa majimbo ya Wahwicce.

Mwalimu akaniambia kitu alichokuwa anatuambia darasani, mali bila daftari huisha bila habari, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijalala mapema. Nimeikunjua ramani yangu kitandani. Ule mstari mwekundu sikuubuni mimi. Wanahistoria wameuchora hivyo kwa sababu uaskofu wa Worcester ulianzishwa karibu na mwaka 680 kwa ajili ya watu wa Wahwicce, na mpaka wake ukafuata mpaka wao. Wafalme wakashushwa, Mercia yenyewe ikaanguka, Wadenmark wakaja, Wanormani wakaja, mikoa ikakatwa upya, na wakati wote huo padri wa kijiji cha pembezoni aliendelea kujua askofu wake ni wa Worcester au wa Hereford. Mpaka ulidumu hadi 1541, Henry wa Nane alipoimega Gloucester kuwa uaskofu wa peke yake. Ufalme haukuishi miaka 200. Kivuli chake kikadumu zaidi ya 850.

Ijumaa: bado Worcester, kisha Inkberrow

Asubuhi tumepandishwa kwenye maktaba ya kanisa kuu, wageni sita, kwa ngazi nyembamba za mzunguko ambazo mtu mwenye mabega mapana lazima apite ubavu. Juu kuna chumba kirefu chini ya paa, makabati ya mbao, harufu ya ngozi na vumbi safi. Mtunzaji ametueleza habari za mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani. Wanamwita Mkono Unaotetemeka.

Aliishi katika karne ya 13. Wakati huo Kiingereza cha kale kilikuwa kimeshakuwa kigumu kwa watu wenyewe, jinsi tenzi za zamani zinavyomtoa jasho kijana wa leo. Mtu huyu, hapa Worcester, akaketi akavisoma vitabu vya wazee wake kimoja baada ya kimoja, karibu vitabu 20, na juu ya maneno magumu akaandika maana, nyingi kwa Kilatini. Maelezo yake yanafika kama 50,000. Na mkono wake ulikuwa na ugonjwa. Nimeziona herufi zake katika picha iliyokuzwa: zimelala upande wa kushoto, na kila mstari uliopaswa kunyooka unatikisika kama uzi uliolegea. Hakuna herufi hata moja iliyotulia. Mara 50,000 alilowesha kalamu akijua itatetemeka, akaishusha.

Aliandika pia shairi fupi, au alilinakili. Linawataja walimu wa zamani, Bede, maaskofu wa Worcester na wengineo, kwamba waliwafundisha watu kwa Kiingereza, na sasa elimu imeachwa na watu wamepotea. Kurasa zake baadaye zilikatwa zikagandishwa pamoja kuwa jalada la kitabu kingine. Zilibanduliwa humo katika karne ya 19.

Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi. Kina mama wawili walipita na vigari vya watoto. Sikutaka kusema na mtu.

Mchana nimechukua basi hadi Inkberrow. Kijiji, kanisa, baa mbili, kondoo. Hakuna cha kuona na nilijua hivyo. Nilikuja kwa ajili ya Cuthswith, abesi ambaye mfalme Oshere alimpa ardhi miaka ya 690, na ambaye nyumba yake inahusishwa na hapa. Alikuwa na kitabu cha Kilatini kilichotengenezwa Italia katika karne ya 5, kwa hiyo kwake kilikuwa tayari ni kitu cha kale. Kitabu hicho sasa kiko Würzburg, Ujerumani. Pengine kilivuka bahari pamoja na wamisionari Waingereza wa karne ya 8. Na ndani yake mtu ameandika kwa Kiingereza cha kale: kitabu cha Cuthswith, yule abesi. Hakuna zaidi. Ni kama tulivyokuwa tukiandika majina yetu ndani ya jalada la daftari ili lisiibwe. Kati ya Wahwicce wote niliowatafuta wiki hii, yeye peke yake ndiye ninayemwona bila askofu wa Worcester kusimama katikati yetu.

Jumamosi: msitu

Treni ya kurudi London inapita Evesham, inapanda milima ya Cotswold, kisha inafuata kimto cha Evenlode. Nilikaa dirishani upande wa kulia na kalamu nyekundu mkononi. Baada ya Kingham treni haikusimama kwenye vituo vidogo, ila ilipunguza mwendo kidogo, na nikauona ubao: Ascott-under-Wychwood. Wychwood ni msitu wa Wahwicce. Katika hati za karne ya 9 jina linaandikwa Huiccewudu, halina utata. Vijiji vitatu vya pale, Ascott, Milton na Shipton, vinaubeba mkiani mwa majina yao hadi leo.

Jambo la ajabu ni kwamba msitu huu uko nje ya mstari wangu. Ni ng'ambo ya mpaka wa uaskofu, Oxfordshire. Ama ufalme ulifika mbali kuliko askofu, ama majirani waliuita hivyo kwa sababu huko ndiko nchi ya Wahwicce ilikoanzia. Mimi nakubaliana na wazo la pili. Mtu hajiandiki jina mlangoni kwake. Jina la mtaa hutolewa na wanaopita. Mtaa huitwa wa Wachaga ukiwa Kariakoo, si ukiwa Moshi.

Nimeshuka Charlbury. Kutoka kituoni unapanda, unapita mashamba, kisha njia ya umma inaingia kwenye miti. Msitu wa kifalme uliokuwa hapa ulifutwa kisheria mwaka 1857 na sehemu kubwa ikalimwa. Kilichobaki kinatosha saa mbili za kutembea. Mwaloni, mpingamo wa matawi yaliyoanguka, vitunguu mwitu vinanukia kila unapokanyaga. Chini ya miti maua ya buluu yamefunguka. Nilikaa juu ya gogo nikala mkate na samaki wa kopo.

Akaja mzee mmoja na mbwa. Mbwa alikuja kunisalimia kwanza, kisha mzee. Tukaongea hali ya hewa, kama ilivyo ada yao. Aliiona ramani gotini kwangu akauliza mstari ule mwekundu ni njia ya wapi. Nikamuuliza mimi: wewe mkazi wa hapa, kwa nini msitu huu unaitwa Wychwood?

Akasema tangu utotoni aliambiwa ni msitu wa wachawi, maana kwa Kiingereza maneno yanafanana.

Nikamweleza. Nilianza na Bede, nikamtajia Eafe na Osric, nikamwonyesha daftari lenye vyeo vinavyopungua, nikamwambia habari za Hemming na sanduku la hati. Hakunikatiza. Mbwa alishalala. Nilipomaliza aliniomba nilitamke lile jina tena, na safari hii alitazama mdomo wangu.

"Hwi-che," nikasema.

Alijaribu. Mara ya kwanza hewa ilitoka nyingi mno. Mara ya pili alilipata. Akalisema tena, polepole, akiwa ameinua uso kuelekea kwenye miti, kisha akamwita mbwa wake wakashuka kuelekea Finstock.

Treni yangu ilikuwa saa kumi na moja na robo.